Waya wa laki nne na themanini

BARUA

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Uyole, Mbeya. Nina miaka 38, mke na watoto wawili. Nakuandikia haraka kwa sababu nina mpaka Jumamosi tu, na humu ndani kila mtu ana jibu lake.

Mwishoni mwa mwaka jana nilinunua amplifaya na spika mbili kubwa za mtumba, za Kijapani, kwa laki sita na nusu. Nilijinyima mambo mengi kuipata hiyo pesa. Mimi ni mpenzi wa dansi la zamani, na mama watoto anaimba kwaya, sauti ya pili. Nilitegemea jioni tukikaa tusikie gitaa la besi likitembea vizuri. Haikuwa hivyo. Muziki ulitoka mwembamba, besi hafifu kuliko hata ya redio yetu ya jikoni. Na kulikuwa na kitu kingine nilichoshindwa kukielezea. Nikikaa katikati ya kochi, mwimbaji simpati alipo, sauti kama inatoka pembeni na nyuma kwa wakati mmoja. Nikinyanyuka nikasogea karibu na spika moja, besi inarudi. Nilifikiri ndivyo zilivyo, nikavumilia.

Waya niliotumia ni ule mweupe wa pacha, mwembamba, wa taa ya mezani, mita nne kila upande. Nimeupitisha nyuma ya kochi. Upande wa kulia haukufika, nikaunga kipande kwa kusokota na kuzungushia selotepu.

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa vya muziki mjini. Muuzaji akaniuliza natumia waya gani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa, akasema nimenunua ng'ombe wa maziwa halafu namkamulia kwenye pakacha. Jumapili jioni akaja mwenyewe nyumbani na nyaya mbili nene kama kidole gumba, zimefumwa uzi mweusi na bluu, vichwa vyake rangi ya dhahabu, kimoja kina pete nyekundu, kingine nyeusi. Akang'oa waya wangu, akachomeka zake. Ilimchukua kama dakika kumi. Akawasha.

Mzee wangu, sikufichi. Besi ilijaa chumba. Mwimbaji akasimama katikati kabisa, juu ya televisheni. Mama watoto alikuwa jikoni anakaanga, akatoka na mwiko mkononi, akauliza, "Mmefanya nini?" Hakujua kama kuna waya umebadilishwa.

Nyaya zote mbili ni laki nne na themanini elfu. Ameniachia nizijaribu. Jumamosi nilipe au nirudishe.

Mdogo wangu anasoma uhandisi wa umeme hapa Mbeya, chuo kikuu cha MUST. Yeye anasema shaba ni shaba, nimelogwa na vichwa vya dhahabu, na hicho ninachosikia hakipo. Tumegombana mpaka akaondoka bila kula. Haya, nikubali kwamba masikio yangu yamenidanganya. Na ya mke wangu aliyekuwa jikoni?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Pesa niliyonayo ni ya mbolea. Tuna nusu ekari ya viazi kule Isyonje na mvua zimeshaanza. Mama watoto aliponiuliza bei ya nyaya, nilimwambia elfu themanini. Laki nne sikuitamka. Nifanye nini?

Mwalimu, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene sana kutoka Iringa.

Nianze na mkeo, maana ndiye shahidi bora uliyenaye. Hakuwa ameona zile pete nyekundu na nyeusi, hakuwa ameambiwa bei, hakujua hata kwamba kuna kinachojaribiwa. Akatoka jikoni mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo mimi naupokea wote. Besi ilirudi kweli, Mwalimu, na masikio yenu ni mazima. Mdogo wako amekosea kukwambia kwamba unachosikia hakipo.

Ila jioni ile muuzaji hakubadilisha kitu kimoja. Alibadilisha vitatu. Alileta waya mwingine. Aliondoa kile kiungo chako cha selotepu. Na alichagua upya waya upi unaingia tundu jekundu na upi unaingia tundu jeusi nyuma ya kila spika. Nyinyi mmeona cha kwanza peke yake kwa sababu ndicho chenye bei. Nimeisoma barua yako mara tatu, na dau langu liko kwenye hicho cha tatu.

Isome tena mwenyewe. Umesema besi ilikuwa hafifu. Umesema ukikaa katikati mwimbaji humpati alipo. Umesema ukisogea karibu na spika moja, besi inarudi. Nimetengeneza amplifaya na spika kwa zaidi ya miaka 30, na mteja akinieleza mambo hayo matatu pamoja, swali langu la kwanza huwa moja: plas na mainasi umezifungaje? Waya wa taa mweupe wa pacha, pande zote mbili zinafanana. Mtu akiupitisha nyuma ya kochi, halafu upande mmoja akaunga kipande, ni rahisi sana spika moja ikafungwa kinyume na mwenzake. Haiungui wala kulia vibaya, kwa hiyo inaweza kukaa hivyo miaka.

Kinachotokea ni hiki. Koni ya spika, ile karatasi ya mbele, inafanya kazi kwa kusukuma na kuvuta hewa. Ngoma ikipigwa, koni zote mbili zinatakiwa zisukume pamoja. Ukigeuza waya wa spika moja, ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, na hewa ya chumbani inabaki pale pale. Sauti ya besi ya mizunguko 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Kwa wimbi refu hivyo, spika zilizoachana mita mbili ni kama zimekaa mahali pamoja, kwa hiyo zinafutana. Sauti za juu mawimbi yake ni mafupi, ya sentimita chache tu, hayafutani kwa mpangilio huo. Ndiyo maana unabaki na muziki mwembamba, matoazi na nyuzi nyembamba za gitaa zipo, besi hakuna. Ukiisogelea spika moja, hiyo inaizidi mwenzake, na besi unaipata. Na mwimbaji, ambaye sauti yake inatoka sawasawa spika zote mbili, badala ya kusimama katikati anatawanyika. Yote haya umeyaandika wewe mwenyewe bila kujua ni ugonjwa wenye tiba.

Muuzaji alipokuja na vichwa vyenye pete nyekundu na nyeusi, alichomeka chekundu kwenye chekundu na cheusi kwenye cheusi, pande zote. Hapo ndipo besi iliporudi. Ningekuwa mimi nimekuja na msumari na kamba ya chuma, nikafunga sawasawa, mama angetoka jikoni na mwiko vilevile.

Usinichukulie maneno tu. Leo jioni zima amplifaya kabisa, ichomoe ukutani. Toa nyaya za duka, zipumzishe kwenye boksi lake. Rudisha ule waya wako mweupe. Kile kiungo kibandue, kwangua ncha mpaka shaba ing'ae, sokota upya kwa kukaza, weka konekta au ilehemu, kisha funga kwa tepu ya umeme, selotepu hapana. Sasa chukua betri moja ya rimoti, ya volti 1.5. Ncha za waya zikiwa bado hazijaingia kwenye amplifaya, gusisha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kitako, nukta moja tu, huku mtoto anaangalia koni baada ya kutoa neti ya mbele. Ikiruka kuja nje, ncha iliyogusa kichwa cha betri ndiyo ya tundu jekundu. Ikiingia ndani, geuza. Itie alama kwa kalamu au rangi ya kucha ya mama. Fanya hivyo spika zote mbili, funga, hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa shaba uliochomoza ukagusana na jirani yake, maana huo ndio unaounguza amplifaya. Halafu washa, weka wimbo uleule wa Jumapili.

Nategemea besi utaipata, kwa waya uleule wa taa ya mezani.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe, kwa sababu mdogo wako akisema shaba ni shaba, ana haki kwa kiasi kikubwa, na inafaa ujue ni kwa kiasi gani. Waya unazuia umeme kidogo, na kinachoamua ni urefu, unene na madini yake. Uzuiaji huo tunaupima kwa omu. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba inazuia omu 0.017 kwa kila mita. Waya mweupe wa taa mara nyingi ni wa 0.5, yaani inakuwa omu 0.034 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita zako nne ni nane. Zidisha, utapata omu 0.28. Kwa spika ya omu 8 hasara yake ni kama desibeli 0.3, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiweka waya wa 2.5, huu mafundi wanaofunga kwenye soketi, ila uwe ule laini wa nyuzi nyingi, hasara inashuka mpaka desibeli 0.06. Kwa muziki wa kawaida watu wengi huanza kugundua kwamba sauti imepanda au imeshuka inapofika desibeli moja. Waya wa laki nne na themanini, hata ungekuwa mnene kama mkono, ungekuokolea sehemu ya hiyo 0.06 iliyobaki, na hakuna anayeweza kuzidisha hapo. Habari za ufumaji na uelekeo wa waya, kwa mita nne ziache. Umeme wa sauti unakwenda mbele na nyuma makumi hadi maelfu ya mara kwa sekunde, waya hauna kichwa wala mkia. Na dhahabu kwenye vichwa inazuia kutu, basi.

Kuna mahali waya unasikika, tena sana, na nisipolisema hili nitakuwa nimemwonea muuzaji. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ukumbi mmoja wa kanisa huku kwetu, karibu na Mafinga. Walikuwa wamenunua amplifaya mpya kwa michango, na bado waumini wa nyuma hawasikii. Mhasibu alikuwa tayari na wazo la kununua nyingine kubwa zaidi. Nikafuata waya kwa mkono kutoka meza ya mitambo, ukutani, juu ya mlango, hadi nyuma: mita 25 za waya mwembamba wa 0.5, na huko mwisho spika mbili zimefungwa pamoja, omu 4. Kwenda na kurudi ni mita 50, omu 1.7. Fikiria, spika ni omu 4 na waya wenyewe ni karibu omu 2. Spika zilikuwa zinapata nusu tu ya nguvu ambayo zingeipata, na sehemu nyingine inapasha waya joto ukutani. Tukavuta waya wa 4, ule mnene, wa shaba, spika zikaanza kupata asilimia 90. Amplifaya kubwa haikununuliwa. Nakumbuka mwalimu wa kwaya alisimama mlango wa nyuma kabisa, mikono kifuani, akasikiliza ubeti mzima bila kusogea.

Waya mwembamba wa njia ndefu huwa unabadilisha hata rangi ya sauti, si ukubwa wake tu, kwa sababu spika iliyoandikwa omu 8 haiwi omu 8 kila mahali. Omu zake zinapanda na kushuka kutoka sauti za besi hadi sauti za juu, na waya unakula zaidi pale omu za spika zinaposhuka. Kwa hiyo wanaosema waya haujalishi kamwe, nao wanakosea. Kanuni ninayoifuata ni ile aliyoieleza Roger Russell, aliyekuwa mtengeneza spika wa kampuni ya McIntosh ya Marekani: uzuiaji wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika yako ya omu 8 ni omu 0.4. Wewe uko kwenye 0.28 hata na waya wa taa. Umo ndani.

Jambo la kuogopa zaidi madukani siku hizi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unaona wekundu, unalipia shaba, kumbe ndani ni nyeupe, na inazuia umeme karibu mara moja na nusu ya shaba halisi, tena inakatika upesi ukiikunja. Beba kisu kidogo. Kwangua uzi mmoja: wekundu ukitoka ukabaki weupe, ni aluminiamu. Weupe ukitoka ukaona wekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, chukua. Hata hizo nyaya za kidole gumba, unene wake mwingi ni plastiki na uzi. Kilicho ndani hujakiona.

Utaniuliza, mbona watu wengi na heshima zao wanaapa kwamba wanasikia tofauti? Swali hili lina umri. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha majaribio ya Laurence Greenhill. Wasikilizaji walipewa nyaya za futi 30 bila kuambiwa upi ni upi: mmoja mwembamba sana, mmoja wa taa ulio mnene kiasi, na mmoja wa ghali wa Monster Cable. Ule mwembamba sana waliutambua kwa kelele ya majaribio, ile shhh ya redio isiyoshika stesheni. Ule wa taa dhidi ya ule wa ghali, kwa muziki wa kwaya, hawakuweza. Mwaka 2007 James Randi, Mmarekani aliyejulikana kwa kufichua miujiza ya uongo, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa masikio tu nyaya za Pear za dola 7,250 na nyaya nzuri za bei ya chini. Jaribio halikufanyika, na pesa ile haikuchukuliwa na mtu. Wanaoapa hawasemi uongo, Mwalimu. Mtu akijua anasikiliza cha ghali, anasikiliza kwa bidii, na akisikiliza kwa bidii anasikia vitu vilivyokuwepo siku zote. Tena sauti ikiwa juu kidogo tu, sikio halisemi imeongezeka, linasema imependeza. Na kumbukumbu ya sauti ni fupi mno. Muuzaji alitumia dakika kumi kubadilisha. Baada ya dakika kumi hakuna anayekumbuka sawasawa besi ilikuwaje. Wewe ulikumbuka kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa kupita kiasi, na ukubwa wenyewe ndio ulionionyesha kwamba haikutoka kwenye waya.

Kwa hiyo ukishafunga waya wako mweupe sawasawa, fanya mtihani, nawe ni mtu wa mitihani. Mwite mdogo wako. Yeye akae nyuma ya spika na shuka limtenge, arushe sarafu: mnyama, waya wa duka; kichwa, waya mweupe, au mkubaliane vyovyote. Kila raundi azime, achomoe na kuchomeka hata kama waya haubadiliki, ili vishindo visiwape jibu. Asikohoe, asiseme neno. Kitufe cha sauti kisiguswe na mtu. Wimbo mmoja, sekunde 20 zilezile. Wewe na mama mkae kwenye kochi, kila mtu na karatasi yake, bila kuchunguliana. Raundi kumi. Anayebahatisha tu anaweza kupata 7 au zaidi karibu mara 1 katika kila 6, kwa hiyo saba haijathibitisha kitu. Kupata 9 au 10 kwa kubahatisha hutokea kama mara 1 katika 100. Mkipata hizo, nyaya zina kitu na mimi nitaliandika hapa kwa jina la safu hii. Mimi nilikaa kwenye kiti hicho kwa waya wa njia fupi kama yako, wakati bado naamini. Nilipata 6.

Mdogo wako mpe kazi hii kwa heshima. Mhandisi anayemwambia kaka yake "husikii" bila kuja kuangalia plas na mainasi ana deni la kulipa, na hili ndilo litakalowarudisha mezani kula pamoja.

Bado chumba. Hapo ndipo pesa kidogo inazaa sauti nyingi. Sijakiona chako, lakini nyumba nyingi za Mbeya nilizoingia ni vigae chini, jipsamu juu, kioo upande mmoja. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unaokwaruza baada ya kofi, hiyo inaongezwa kwenye kila wimbo unaopiga. Zulia mbele ya kochi na mapazia mazito, ambayo kwa baridi la Juni mtayahitaji hata hivyo, vitafanya kazi ambayo waya hauwezi. Spika zitoe kwenye kona, ziache kama hatua moja na ukuta, ile spika ndogo ya sauti za juu iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika hadi kwenye kochi. Halafu sogeza kidogo kidogo kila jioni mpaka mama aridhike na sauti yake ya pili. Mvua ikipiga bati hakuna spika itakayoshinda, jioni hizo zimeni mzungumze.

Na mazungumzo ninayoyataka ni ya laki nne. Mwalimu, mkeo alisifia sauti akiamini imegharimu elfu themanini, na mbolea anaamini ipo. Mwambie leo, kabla ya betri na sarafu. Ukikaa kwenye kochi na siri hiyo, utatamani jibu fulani litoke, na mtihani utakuwa umeshaharibika. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Mama, bei niliyokutajia siyo. Ni laki nne na themanini, na ingetoka kwenye mbolea ya Isyonje. Sijalipa bado." Hilo la mwisho, kwamba hujalipa, ndilo linalokupa nafasi, na nafasi yenyewe inaisha Jumamosi. Akikasirika, ana haki, usimjibu kwa habari za besi. Viazi ukivikosea mbolea wakati wa kupanda, huwezi kurudi Machi ukaomba msamaha shambani. Pesa ya mbolea ni yenu wawili, na aliyeinama naye kupanda ana haki ya kusikia tarakimu yote.

Kama mkifunga sawasawa na besi bado inagoma, usirudi kwenye waya. Toa neti, guse kwa kidole ile sponji inayozunguka koni. Spika nyingi za zamani sponji yake huoza kwa miaka, inameguka kama mkate mkavu. Fundi wa spika anaibadilisha bila kununua spika mpya.

Jumamosi asubuhi, mkiwa njiani kununua mbolea, pitieni dukani wote wawili. Nyaya ziwe kwenye boksi lake, na vile vifuniko vya plastiki vya vichwa virudishwe kama vilivyokuja. Mshukuru yule muuzaji kwa kutoka mpaka Uyole jioni ya Jumapili, na mweleze ulichokikuta nyuma ya spika, maana huenda naye anaamini anachouza na hakuna aliyewahi kumweleza. Kisha muulize kama ana waya wa shaba wa 2.5, ule wa nyuzi laini wenye mstari mwekundu upande mmoja. Kwangua kwanza kwa kisu. Ukiwa ni shaba, akukatie mita nane, nne za kila upande, umlipe yeye.

Fundi wako wa safu, Iringa